Mpira Mikononi mwa Saumu

Ukungu ulianza kushuka kutoka msitu wa Magamba muda mfupi baada ya mapumziko, na Saumu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona. Ulikuja kwa kunyemelea, kama unavyokuja siku zote upande ule wa milima. Kwanza miti ya juu ya kilima ilipotea vichwa, kisha mapaa ya nyumba za mtaa wa juu yakafifia, na mwishowe bendera za nchi nne zilizosimikwa mbele ya jukwaa zikaloa na kulegea kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

"Jamani, ukungu!" aliwapigia kelele mabeki wake. "Rudini karibu! Msiniache peke yangu!"

Rahma, nahodha, mtoto wa Tanga mjini, aligeuka akamtazama. "Wewe si wa huku? Uambie basi ukungu wenu usubiri tumalize."

Mabeki wakacheka. Saumu hakucheka. Ubao ulisomeka Tanzania moja, Burundi moja, na kilichobaki kilikuwa chini ya nusu saa.

Hayo yalikuwa mashindano ya timu za taifa za wasichana chini ya miaka kumi na tano: Tanzania, Burundi, Uganda na Zambia. Yalipangwa yachezwe pwani, lakini mvua za masika ziliugeuza uwanja wa huko kuwa bwawa, wakubwa wakakaa wakashauriana, wakayapandisha Lushoto. Wiki nzima mji ule mdogo ulikuwa na wageni wengi kuliko vitanda. Kila timu ilikuwa icheze na kila mwenzake, na siku hiyo ya mwisho hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto. Tanzania wakitoka sare, kombe ni lao, na safari ya kwenda Moroko kwenye fainali za bara ni yao pia. Burundi wakishinda, vyote viwili vinakwenda Burundi.

Moroko! Neno hilo lilikuwa halitoki midomoni mwa wasichana. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ndege. Rahma alikwisha mwambia mama yake atafute sanduku la kuazima.

Saumu alikuwa na miaka kumi na minne. Kwao ni Shume, juu kabisa, ambako miezi ya baridi maji ya kunawa huuma vidole na watu huishi kwa karoti, viazi na mbao. Kudaka alijifunzia kwenye uwanja wa shule uliochongwa kwenye mteremko, ambapo kipa akiukosa mpira, mpira huporomoka hadi bondeni na aliyeukosa ndiye anayeufuata. Mtu akishaufuata mara tatu kwa asubuhi moja, hujifunza kutoukosa.

Lakini timu ya taifa haikumwita ili adake. Ilimwita ili akae benchi. Kipa wa kwanza alikuwa Angel, msichana mrefu mwenye mikono kama makasia, naye aliteguka mkono kwenye mechi na Zambia. Ndiyo sababu leo glovu zilikuwa kwa Saumu, na ndiyo sababu kila mpira ulipoelekea langoni kwake, benchi zima la Tanzania lilisimama.

Kambini alikuwa mgeni kuliko wageni wenyewe. Aliongea Kiswahili kilichobeba lafudhi ya Kishambaa, na wenzake walimwigiza mpaka akapunguza kuongea. Halafu ikaja siku ya simu. Simu ya Rahma ilipotea bwenini, na hakuna aliyemtaja mtu. Macho tu ndiyo yaliyosogea, jozi moja baada ya nyingine, yakatua kwa msichana wa Shume asiye na simu. "Sijaichukua," Saumu alisema. Akasema tena. Alipokuwa akirudia mara ya tatu, sauti yake mwenyewe ilisikika masikioni mwake kama ya mtu anayedanganya. Begi lake likamwagwa kitandani, chanuo, soksi na kila kitu, mbele ya watu. Jioni simu ikapatikana ndani ya foronya ya Rahma mwenyewe. Wasichana wakacheka, wakaenda kula. Neno samahani halikutoka kinywani mwa mtu.

Sasa ukungu ulifika katikati ya uwanja. Refa, mwanamke mrefu kutoka Kenya, alipuliza filimbi akasimamisha mchezo. Makocha wakaitwa, wakubwa wa mashindano wakashuka jukwaani na makoti yao. Saumu alisimama kwenye lango lake akiwaona wakiongea kwa mikono. Alijua wanachosema bila kusikia: kesho timu zinaondoka, magari yameshalipiwa, hakuna siku nyingine.

Nyuma ya lango lake walikuwa watu wa Shume. Walikuja kwa Fuso, lori la kubebea mbao la mjomba wake, Shabani, na kwa kuwa walichelewa hawakupata nafasi penye jukwaa, wakajipanga nyuma ya nyavu, karibu kiasi kwamba Saumu alisikia harufu ya utomvu wa misonobari kwenye makoti yao. Mjomba Shabani ndiye aliyemnunulia glovu za kwanza. Ndiye pia aliyemshawishi mama yake, Rehema, amruhusu mtoto wa kike kwenda kulala kambini na watu asiowajua. Leo mama alikuwa pale pale, kando ya nguzo ya kulia, kajifunga kitenge juu ya sweta, hajasema neno tangu mechi ianze.

"Saumu," aliita Shabani, "umetulia lakini?"

"Nimetulia, mjomba."

"Ukungu huu ni wa kwetu. Wao ndio hawaujui. Umesikia?"

"Nimesikia."

Upepo ukapita, ukungu ukapungua kidogo, lango la pili likaonekana kama mchoro wa penseli. Refa akatazama saa yake, akatazama wakubwa, akapuliza filimbi. Mchezo ukaendelea.

Burundi walikuja kama maji. Walikuwa na mshambuliaji mmoja, namba tisa, msichana mfupi mwenye miguu ya haraka ambaye wenzake walimwita Spes. Ndiye aliyefunga bao lao, na ndiye aliyekwisha oneshwa kadi ya njano kipindi cha kwanza kwa kuupiga mpira mbali baada ya filimbi. Kila alipoupata mpira watazamaji walinyamaza. Saumu alipangua shuti lake moja kwa ncha za vidole, mpira ukapita juu ya mtambaa panya. Akaudaka wa pili kifuani. Wa tatu uligonga beki ukatoka kona, na ile kona ilipopigwa Saumu alitoka langoni akaupiga ngumi hadi nje ya eneo la hatari, huku akianguka juu ya watu wawili.

"Huyo ndiye!" walipiga kelele watu wa Shume. "Huyo ndiye wetu!"

Kocha Efrazia alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, mikono kichwani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwalimu wa michezo kutoka Tanga, na ndiye aliyekuja hadi Shume kumtazama Saumu akidaka kwenye ule mteremko. Sasa alikuwa akionesha vidole: dakika chache, dakika chache tu. Ukungu ukarudi, mzito kuliko wa kwanza, na vidole vya kocha vikapotea.

Kuanzia hapo Saumu alidaka kwa masikio. Alisikia miguu ikikanyaga majani yaliyoloa. Alisikia Rahma akipiga kelele, "Toa! Toa nje!" Alisikia mpira ukipigwa kutoka upande wa kushoto, pigo zito la krosi, na kisha kimya kirefu cha mpira ulio hewani. Akajua unakuja, ila hakujua unakujia wapi.

Mpira ulitokeza juu ya kichwa cha beki wake, na chini yake akatokeza Spes, tayari ameruka. Kichwa kikaugonga. Mpira ukapiga chini, ukaruka kuelekea pembe ya kulia, na Saumu akajitupa kinyumenyume, mikono miwili mbele, macho wazi. Akaunasa.

Akaunasa, na nyavu zikamgusa shavuni.

Hapo alipolala alijua alipo kama mtu anavyojua alipo kitandani kwake gizani. Nguzo ilikuwa upande wa tumbo lake. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mstari, na mpira ulikuwa kwenye mikono. Kisha mwili ukafanya unachokijua. Akauvuta mpira kifuani, akajiviringisha mbele, akainuka akiwa mbele ya mstari, mpira kaukumbatia, ukungu umemzunguka pande zote.

"Imeingia!" Spes alikuwa keshanyoosha mikono juu. "Goli! Imeingia!"

Filimbi ikalia. Refa alikuja akikimbia kutoka kwenye weupe, na alipofika alikuwa anahema. Akamtazama mshika kibendera wake upande wa kulia, akamfuata, wakaongea vichwa vikiwa vimekaribiana. Mshika kibendera akatikisa kichwa. Hakuona. Nani angeona? Kutoka alipokuwa amesimama, hata nguzo haikuonekana vizuri.

Refa akarudi. "Hakuna goli," alisema kwa sauti ya kusikika. "Sijaona mpira ukivuka. Kipa, weka chini, anza mchezo."

Wasichana wa Tanzania wakapiga kelele za furaha. Rahma akampiga Saumu kofi la begani. "Safi! Sasa upige mbali kabisa. Mbali, unasikia? Mpaka kwao Bujumbura."

Lakini Spes hakwenda. Alisimama mbele ya refa, machozi yanamchuruzika, nywele zimeloa. "Imeingia! Naapa kwa Mungu imeingia! Mimi nilikuwa hapa! Nimeiona kwa macho yangu!"

"Namba tisa, nyamaza. Una kadi tayari."

"Siwezi kunyamaza! Yeye anajua! Mumuulize yeye!" Akamwonesha Saumu kwa mkono. "Muulize! Yeye anajua!"

Wenzake walikuja kumvuta, akajinasua. Kutoka upande wa jukwaa, ambako watu walikuwa hawaoni chochote, kelele za kuzomea zilianza. "Mwongo! Mwongo huyo! Mtoe!" Neno likapokewa upande wa pili, likazunguka uwanja mzima. Mwongo, mwongo. Mkono wa refa ukaenda kwenye mfuko wa kifua.

Saumu aliutazama uso wa Spes. Aliufahamu uso ule tangu siku ya simu. Hakuwahi kuuona, maana mtu haoni uso wake mwenyewe, bali aliujua kwa ndani, jinsi misuli ya mashavu inavyokaza na midomo inavyokosa utulivu, jinsi mtu anavyozidi kusema kweli na kweli inavyozidi kumponyoka.

"Piga, Saumu!" Sauti ilitoka nyuma ya nyavu, karibu kabisa. Ilikuwa ya mjomba Shabani. "Piga mpira! Piga!"

Saumu akageuza shingo. Mjomba alikuwa ameshika nyavu kwa mikono miwili. Kati yake na mahali mpira ulipodakwa pasingelala mtu mzima. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na macho yake yalipokutana na ya Saumu yakakimbia pembeni. Kando yake mama alikuwa amesimama vile vile, kitenge kimebanwa mkononi. Yeye hakuyakimbiza macho.

"Kipa!" refa aliita bila kugeuka. "Nimesema anza."

"Piga!" Rahma alikuwa karibu kulia. "Wewe, unangoja nini? Piga!"

Mpira ulikuwa mzito kwa maji. Saumu alifikiria kuuweka chini. Ilikuwa kazi ndogo, kuinama tu, kuachia, kurudi nyuma hatua chache. Angeupiga mguu ukatike. Kisha ukungu ungeumeza na jambo lote lingekwisha, na wangepanda ndege. Magoti yake yakaanza kukunjika kwa ajili ya kuinama. Kadi ikachomoza mfukoni mwa refa, ukingo wake tu, ya njano, na Spes akafunika uso kwa viganja.

"Madam," alisema Saumu.

Hakuna aliyesikia.

"Madam!" alipaza sauti. "Madam, ulivuka."

Refa akageuka. Kadi ilikuwa bado mkononi. "Umesema nini?"

"Mpira ulivuka mstari, madam. Niliudakia ndani, kwenye nyavu."

Matone yalidondoka kutoka kwenye mtambaa panya. Refa alimsogelea, akainama kidogo ili macho yao yalingane. Hakuwa na ukali tena. Alionekana kama mtu aliyekabidhiwa kitu asichokitaka.

"Unajua unachokisema, binti?"

"Najua, madam."

"Hujaumia kichwa?"

"Sijaumia. Ulivuka."

Refa akarudisha kadi mfukoni. Akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja, akapuliza filimbi, na Spes akaanguka chini magoti yote mawili huku wenzake wakimrukia mgongoni. Kwa watazamaji wa mbali habari ilichelewa kufika. Kwanza wakashangilia, wakidhani ni kadi. Halafu tangazo likatoka kwenye kipaza sauti, Burundi mbili, Tanzania moja, na uwanja ukatoa sauti ambayo Saumu hakuwahi kuisikia, kama mlio wa mti mkubwa unapoanza kuegama.

Rahma alimshika jezi kifuani kwa ngumi zote mbili. "Umefanya nini? Umefanya nini wewe?"

"Nenda mbele, Rahma. Muda bado upo."

"Nimekuuliza umefanya nini!"

"Nenda mbele!" Saumu alimsukuma. Hakujua alipata wapi nguvu hizo. "Utaniuliza baadaye. Nenda kafunge!"

Na walikwenda. Hasira iliwapeleka. Timu nzima ya Tanzania ilimwagikia upande wa Burundi, na Saumu akabaki peke yake katika nusu ya uwanja, hana wa kumwona, anasikiliza tu. Akasikia kona. Akasikia kona nyingine. Akasikia Kocha Efrazia akiita majina. Kisha pigo, safi kabisa, pigo la Rahma, alilijua, na mara mlio wa chuma: ngoo! Ulikuwa mtambaa panya wa Burundi. Watazamaji wa upande ule wakaguta.

Halafu akasikia miguu inakuja. Miguu ya mtu mmoja, ya haraka, na mpira mbele yake.

Hakungoja auone. Alitoka langoni mbio, kwenye weupe mtupu, akielekea sauti ilipo, na Spes akatokeza mbele yake ghafla, karibu sana, tayari kauvuta mguu. Saumu alijitupa chini ubavu mzima. Mpira ukamgonga tumboni, pumzi ikamtoka, goti la Spes likamgonga juu ya jicho. Akaukumbatia hivyo hivyo. Kisha akainuka akiyumba, damu inamwingia jichoni, akaurusha mpira kwa nguvu zote kuelekea sauti ya Rahma.

Walishambulia tena. Na tena. Filimbi ya mwisho ilipolia, Rahma alikuwa amelala chali kwenye eneo la hatari la Burundi, mkono umefunika macho.

Saumu hakuona kombe likitolewa. Wakiwa wanakwenda vyumbani chupa ya maji ilirushwa kutoka ukunguni ikampiga beki mmoja begani, na askari wakawazunguka wachezaji hadi mlangoni. Mtu asiyeonekana alipiga kelele, "Kipa, Burundi wamekupa nini?" Watu wakacheka kicheko kibaya.

Ndani, hakuna aliyefungua hata kamba za viatu. Angel, mkono ukiwa kwenye bandeji, alimletea Saumu kitambaa cha jicho akakiweka kwenye benchi bila kumtazama. Rahma alikaa mkabala.

"Mama yangu keshaazima sanduku," alisema Rahma. Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza Saumu zaidi. "Sisi wote ishirini. Wewe ni nani wa kuamua kwa niaba ya watu ishirini?"

Saumu alifikiri. "Sijui," alisema mwishowe. "Mpira ulikuwa kwangu."

"Refa alikwisha sema hakuna goli!"

"Alikwisha sema."

"Basi si ilikuwa imekwisha?"

"Yule dada alikuwa anaitwa mwongo, Rahma. Na alikuwa hadanganyi."

 Rahma aliuinamia mguu wake, akaanza kufungua kamba za viatu, na alipomaliza kimoja alikaa muda mrefu kabla ya kuanza cha pili.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mmoja wa wakubwa wa msafara, koti limeloa, na nyuma yake Kocha Efrazia. Mkubwa hakukaa. "Wewe," alimwambia Saumu, "si kwenu ni huku huku? Chukua mizigo yako uende na ndugu zako. Kwenye basi la kesho hakuna haja. Na ukiulizwa na watu wa redio, huna la kusema."

"Shikamoo," Saumu alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini tena.

Mkubwa alitoka bila kuitikia.

Kocha Efrazia alisubiri mlango ufungwe. Alichukua kile kitambaa, akakilowesha, akaanza kumfuta Saumu damu juu ya jicho, taratibu, kama anayefanya kazi nyingine kabisa.

"Nikwambie ukweli?" alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Ningekuwa mimi, ningeupiga ule mpira. Ningeupiga na ningekwenda Moroko. Kwa hiyo sitakusifia, maana nitakuwa mnafiki. Na sitakulaumu." Alibana kitambaa kwenye kidonda. "Shika hapa. Kaza. Ule wa mwisho ulitoka langoni kabla hujamwona mtu?"

"Ndiyo, kocha. Nilisikia miguu."

Kocha alitikisa kichwa polepole, akainuka, akaenda kwa Rahma.

Nje giza lilikuwa halijaingia bado, lakini ukungu ulikuwa umeufanya mji kuwa kijivu. Fuso la mbao lilisimama njia ya kupanda Magamba, injini inanguruma. Watu wa Shume walikuwa wamekwisha panda nyuma, wamejikunyata kwenye maturubai. Saumu alipotokea na begi lake maongezi yalikatika. Kijana mmoja mpakia mbao, Abuu, aliruka chini.

"Mimi nitatembea," alisema. "Siwezi kukaa gari moja na mtu aliyeuza nchi."

"Hata Lukozi ni mbali, sembuse Shume," alisema mama yake Saumu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku ile. "Utatembea na baridi hii, Abuu, kwa ajili ya mtoto aliyesema kweli? Haya, tembea. Mama yako nitamweleza mimi."

Abuu alisimama pale barabarani, mikono mfukoni. Hakuna aliyemcheka na hakuna aliyemwita. Baada ya muda alipanda tena, upande wa nyuma kabisa.

Mama alimsukuma Saumu kwenye kiti cha mbele, katikati yake na mjomba Shabani. Gari likaanza kupanda. Taa zilikuwa hazimuliki zaidi ya kona moja, na mjomba aliendesha kifua kikiwa karibu na usukani. Walipita msitu, wakapita maporomoko madogo ya udongo kando ya njia. Saumu alihesabu maneno kichwani na kuyaacha. Aliogopa ukimya wa mjomba kuliko zile kelele za uwanja.

"Nilikwambia upige," mjomba alisema ghafla.

"Nilisikia, mjomba."

"Kwa nini hukunisikiliza?"

Saumu alimtazama mama yake, mama akatazama dirishani. "Kwa sababu na wewe uliona, mjomba."

Fuso liliingia kona, likapiga gia ya chini, likalalamika. Njia ikanyooka. Mjomba Shabani alifuta kioo kwa kiganja, ingawa ukungu ulikuwa wa nje.

"Niliona," alisema. "Ulivuka wote. Ungeweza kupitisha mkono kati yake na mstari." Akameza mate. "Ndiyo maana nilipiga kelele vile. Mtu haombi hivyo kwa kitu ambacho ni chake."

Mama aliachia pumzi ndefu. Alifungua kitenge akakizungusha mabegani mwa Saumu, akambana. Ndipo Saumu alipolia, kwa mara ya kwanza siku ile, bila sauti, uso kwenye sweta la mama, huku nyuma yao, kwenye maturubai, ubishi ukianza. Mwanzoni ulikuwa ubishi mkali, wa kulaumiana, na jina lake lilitajwa vibaya. Lakini kabla ya Lukozi ulikuwa umegeuka. Walikuwa wakibishania ule mpira wa mwisho: kama kipa alimwona namba tisa au hakumwona, kama mtu anaweza kutoka langoni umbali ule akiwa haoni. Sauti ya Abuu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote. Alikuwa akisema haiwezekani, na kwamba yeye aliona, na kwamba hajawahi kuona kitu kama kile.

Burundi walikwenda Moroko. Shume ilichukua muda. Sokoni kuna waliomwita mama yake Saumu "Mama Ulivuka," wengine kwa dhihaka na wengine kwa namna nyingine, na mama aliitikia wote sawasawa huku akipima karoti. Redioni mtu mmoja alisema msichana yule hana moyo wa ushindani. Mjomba Shabani akazima redio, akaiwasha tena baada ya kipindi kupita.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Kocha Efrazia alipiga simu ya mjomba. Timu ilikuwa inaitwa upya, kambi ni Tanga, na safari hii Angel na Saumu wangegombea namba moja. Mkubwa yule alikuwa amehamishiwa kazi nyingine, au labda alikuwa amesahau. Kocha hakueleza, na Saumu hakuuliza.

Alifika bwenini mchana, joto la pwani limemlowesha mgongo. Vitanda karibu vyote vilikuwa vimeshachukuliwa. Wasichana wengine walimsalimia, wengine walijifanya wanakunja nguo. Kilichobaki kilikuwa kitanda kimoja kando ya dirisha, na kile cha jirani kilikuwa cha Rahma.

Saumu aliweka begi lake chini. Rahma alikuwa amelala kifudifudi, anachezea simu. Hakuinua kichwa.

"Usinisemeshe," alisema Rahma. "Bado nina hasira na wewe."

"Sawa."

Saumu alianza kutandika shuka. Alikuwa amefika katikati ya kitanda aliposikia Rahma akijigeuza.

"Dirisha hilo halifungi, mbu wanaingia usiku," Rahma alisema, akitazama dari. "Sogeza kitanda huku kwangu. Tutatumia chandarua kimoja."

Saumu akashika ubavu mmoja wa kitanda, akangoja. Rahma alisonya, akainuka, akashika ubavu wa pili.